Shahada ya chuo cha jamii si shahada nusu

Wengi wetu tulioko Marekani tumepitia vyuo vya jamii, vile tunavyoviita komyuniti koleji. Ada ni nafuu na madarasa ya jioni yapo, hata mbeba maboksi anaweza kusoma. Lakini tukipiga simu nyumbani tunavitaja kwa sauti ya chini, eti si chuo kikuu.

Dhana hiyo imepitwa na wakati. Tangu Joliet, Illinois, kilipofungua mlango mwaka 1901, vyuo hivi vilijulikana kwa masomo ya miaka miwili. Mwaka 2001 Florida ilikiruhusu chuo cha St. Petersburg kutoa shahada ya kwanza. Washington ilifuata mwaka 2005. California ilianza majaribio kwa sheria ya mwaka 2014, ikayafanya ya kudumu mwaka 2021. Huko mkazi wa jimbo hulipa ada ya kama dola 10,500 kwa miaka yote minne. Wangapi wetu wana deni kubwa kuliko hilo na shahada hawana?

Wakubwa hawakufurahi. Sheria ya California inakataza vyuo vya jamii kurudia shahada zinazotolewa na vyuo vikuu vya serikali. Mwaka 2024 bunge la jimbo lilipitisha miswada ya kuviruhusu baadhi yake kujaribu shahada ya uuguzi, Gavana Gavin Newsom akaikataa.

Hapo ndipo panapotuuma. Dada na kaka zetu wengi wanalea wazee na wagonjwa usiku kucha. Aliyefikia uuguzi wa miaka miwili hufanya mtihani uleule wa leseni na mwenye shahada, lakini hospitali nyingi kubwa humtaka mwenye shahada. Florida na Washington wanamruhusu aimalizie palepale chuoni kwake. Kwa nini mwingine aambiwe aende mbali, alipe zaidi, aache zamu na watoto?

Wanaohofia ubora wana haki ya kuuliza. Jibu liko kwenye ithibati, si kwenye ukubwa wa jina. Anayetaka kurudi Tanzania aulize mapema TCU, maana ndiyo inayotambua shahada za nje.

Wazazi mlioko nyumbani, mtoto akiwaambia anasoma chuo cha jamii, msigune. Muulizeni kama kina ithibati na atamaliza na deni kiasi gani.