Bati kwa Mvuvi wa Usiku

Katika mto Kilombero, hasa tangu daraja la Ifakara lilipofunguliwa mwaka 2018, mwenye mtumbwi humhofu kiboko kuliko chombo kikubwa. Mwenzake wa pwani hana bahati hiyo. Usiku, katika mlango-bahari wa Zanzibar, ngalawa yake ni kama haipo machoni pa meli. Rada hupeleka mawimbi ya redio na kuyangoja yarudi. Mbao hurudisha machache mno, nayo hupotea katika mwangwi wa bahari iliyochafuka.

Wapo wasemao taa yatosha. Taa humfaa baharia aliye macho tu, na mvua huificha.

Yafaa mafundi bati, wa Ifakara wakiwemo, wafundishwe kuunda kiakisi: mabapa matatu ya bati yakatanayo kwa pembe za nyuzi 90, yatundikwe juu mlingotini. Bati jembamba latosha, ila la migongo halifai. Ukingo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya mwangwi huongezeka mara 16. Lakini pembe zikipotoka nyuzi chache tu, sehemu kubwa ya faida hiyo hupotea. Kwa hiyo kila kiakisi kikaguliwe kwa kipimapembe kabla ya kuuzwa.