Taka zisizo na mnunuzi

Wanunuzi wa chakavu mjini Korogwe hawalalamikii chuma wala betri za magari. Mali hizo ni nzito na soko lake lipo. Mgogoro uko kwenye vitu vinavyobaki majumbani: magodoro ya sponji yaliyochoka, viti vya plastiki vilivyovunjika, nepi za watoto na pakiti za biskuti. Wako wanaosema wananchi hawajaelimika. Maoni yetu ni kwamba kikwazo ni hesabu.

Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita. Uzito wake ni gramu 10 hadi 20, hivyo kilo moja ni chupa 50 hadi 100. Lori hujaa kabla halijapata uzito, na mwenye mali hulipia nauli ya hewa kwenda Tanga, umbali wa kilometa zipatazo 100, au Dar es Salaam ambako ni mbali zaidi.

Wenye mashamba ya mkonge walilielewa jambo hili zamani: singa hukandamizwa kuwa marobota kabla ya kupelekwa bandarini. Mwenye mtaji mdogo na aanzie hapo, kwa kuchambua, kusaga viti na kufunga chupa marobota, badala ya kuota kiwanda. Lakini asikope kwa kutegemea bei ya leo. Plastiki mpya hutokana na mafuta. Yanaposhuka bei, kama ilivyotokea mwaka 2020, plastiki chakavu nayo huyumba.

Pakiti za biskuti ni suala jingine. Nyingi zina tabaka za plastiki na alumini zilizogandishwa pamoja, na kuzitenganisha ni ghali kuliko thamani yake. Nepi ni hivyo hivyo. Hapa robota halisaidii. Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba Machi 2017 na mifuko ya plastiki ya kubebea Juni 2019, ilikubali kwamba zipo bidhaa ambazo soko peke yake haliziondoi.

Kwa zilizobaki, mzalishaji na mwagizaji wachangie gharama ya kuzikusanya. Wenye maduka watasema bei itapanda. Ni kweli, kidogo. Lakini gharama hiyo inalipwa hata sasa, na halmashauri inayozoa taka na jirani anayevuta moshi zinapochomwa uani.

Mwekezaji asiweke fedha kwenye taka yoyote kabla hajajua nani atainunua na nani atalipa nauli.