Kidonda cha Ukope Kisisubiri

Saratani ya ngozi inapoota kando ya jicho, humweka mganga katika njia panda: akikata kidogo, mzizi husalia, akikata sana, huenda jicho lenyewe likapotea.

Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha vismodegibu, kidonge cha kila siku kwa wenye saratani ya seli za tabaka la chini la ngozi, iliyokithiri au kuenea. Seli hizo huongezeka kwa kuwa ishara ya ukuaji, ambayo hufanya kazi hasa mtoto angali tumboni, imewaka tena. Dawa huizima. Uvimbe hunywea, na wagonjwa kadhaa wamenusurika kung’olewa jicho. Hata hivyo, dawa hiyo hukaza misuli, hupukutisha nywele, huondoa ladha na humdhuru mtoto aliye tumboni. Bei yake huko ni maelfu ya dola kwa mwezi. Tena haikukusudiwa saratani ya seli bapa, inayowaandama mno ndugu zetu wenye ualbino barani Afrika.

Je, habari hii yatuhusu nini sisi wa Uvira, Kalundu na bonde la Ruzizi? Yatuhusu, kwa kuwa jua tunalolimia na kuvulia samaki ndilo linalochoma ngozi isiyo na rangi ya kuikinga. Twaona kuwa ni haki kudai dawa za namna hii ziwafikie maskini pia. Lakini kudai si kungoja. Uvimbe ungali mdogo, mara nyingi upasuaji mfupi huumaliza, na jicho hubaki. Kinachowapoteza wengi ni miezi ya kuficha kidonda kwa aibu, au kukipaka majani.

Basi kila kikundi kijiulize: ni nani kati yetu mwenye ualbino, na nani humsindikiza hospitalini? Kidonda cha ukope kisichopona kwa mwezi mmoja kichunguzwe. Kofia pana na mikono mirefu ni kinga. Na mjini Moshi, Tanzania, hutengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua wenye ualbino. Kazi hiyo yatuonyesha kwamba Afrika yaweza kujitengenezea kinga yake.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tarehe 13 Juni, siku ya kimataifa ya ualbino, isitukute na hotuba tu. Itukute tumekwisha kumfikisha mwenzetu mmoja kwa mganga.