Simu Ilibeba, Lugha Ndiyo Iliyosema

Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika waraka uitwao Kenya: Twendapi? Kwa waraka huo alifungwa miaka mitatu, na tungo alizozitunga gerezani zikachapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Hakuwa na simu wala mtandao. Alikuwa na karatasi, na lugha ambayo mwananchi wa kawaida aliielewa.

Nimeukumbuka waraka huo kila nisikiapo watu wakisema kwamba mitandao ndiyo iliyouangusha Mswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Mswada ule uliandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, ijapokuwa Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi sawa na Kiingereza. Vijana ndio walioutwaa, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za kwao. Hapo ndipo mwenye kibanda alipofahamu kuwa mkate wake ulikusudiwa kutozwa kodi ya asilimia 16. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini.

Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Mimi nasema aambiwe, na aambiwe kwa lugha yake. Simu ilibeba tu. Kilichowaamsha watu ni maana. Simu hiyo hiyo hubeba uongo kwa kasi ile ile, na haichagui.

Je, sisi washairi tulikuwa wapi? Aghalabu tulikuwa tukibishana juu ya vina na mizani, ilhali kazi ya kufasiri sheria tumewaachia vijana wasio na kamusi mkononi. Hatukuwapa istilahi, wala hatukuhifadhi walichokisema. Sauti ya Dhiki ingali inasomwa baada ya nusu karne. Ni maelezo mangapi ya Juni 2024 yatakayopatikana mwaka 2075?

Basi mswada ujao utakapochapishwa, tusisubiri. Tuufasiri, tuutungie, tutie majina yetu chini ya kazi zetu, na tuziweke mahali ambapo wajukuu watazikuta.