Mwanafunzi wa Ziwani na Kazi ya Benki ya Uwekezaji

Benki ya uwekezaji haipokei akiba za mama mboga wala haimkopeshi mkulima fedha za mbolea. Kazi yake ni kuikutanisha kampuni au serikali inayohitaji mtaji na wenye fedha za kuwekeza. Huishauri kampuni inayotaka kuuza hisa kwa umma, huandaa bondi, hupima thamani ya kampuni inayonunuliwa au kuunganishwa na nyingine, na kipato chake kikubwa ni ada ya shughuli hizo. Nchini Kenya, leseni hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA), iliyoundwa kwa sheria ya 1989, na mwombaji hutakiwa kuwa na mtaji uliolipiwa usiopungua shilingi milioni 250. Je, kijana wa chuo kikuu aliyelelewa mbali na Nairobi, tuseme katika kisiwa cha Remba cha Ziwa Victoria, anaweza kuifanya kazi hii? Na je, inamfaa?

Jambo la kwanza la kupima ni ukubwa wa soko. Soko la hisa lilianzishwa rasmi Nairobi mwaka wa 1954, na mwaka huohuo ikazaliwa Dyer & Blair, mojawapo ya kampuni kongwe za fani hii. Msimu wa neema ulikuwa kati ya 2006 na 2008. Hisa za kampuni ya umeme ya KenGen ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 11.90 kila moja mwaka wa 2006. Miaka miwili baadaye serikali iliuza hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom, yaani robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja, Dyer & Blair na Morgan Stanley ya Marekani wakiwa miongoni mwa washauri. Mwaka huohuo kampuni ya udalali ya Nyaga iliwekwa chini ya usimamizi, na umma ukajifunza kwamba soko lisilosimamiwa vyema humuumiza mwekezaji mdogo kwanza.

Soko la hisa lenyewe liliuza hisa zake kwa umma mwaka wa 2014, na katika miaka iliyofuata kampuni zilizochukua njia hiyo zilikuwa chache mno. Shughuli nyingi zilihamia kwenye bondi na mikataba ya faragha. Kampuni ya Acorn ilikusanya takriban shilingi bilioni 4.3 mwaka wa 2019 kwa bondi ya kijani ya kujenga mabweni ya wanafunzi. Mwaka wa 2025 bondi ya karibu shilingi bilioni 45 ya uwanja wa michezo wa Talanta iliorodheshwa sokoni. Kazi basi ipo, lakini hufanywa na vikosi vidogo vya wataalamu. Nafasi za wanaoanza ni haba, na nyingi hujazwa na wale ambao tayari wamewahi kuonekana ofisini kama wanagenzi.

Kijana wa Remba anaingia katika soko hilo na upungufu mmoja mkubwa na nguvu moja isiyotambuliwa. Remba ni kisiwa kidogo cha mawe katika Kaunti ya Homa Bay, kilichosongamana nyumba za mabati, ambako wavuvi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania hufuata mbuta na omena. Upungufu unaeleweka: Nairobi iko mbali, safari huanza kwa boti, na nyumbani huenda hakuna jamaa aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya uwekezaji wa kumwonyesha njia.

Nguvu iko katika biashara anayoiona tangu utotoni. Katika fuo nyingi za Ziwa Victoria, wakala wa samaki humkopesha mwenye boti nyavu, injini au petroli. Deni hulipwa kwa kumwuzia wakala huyo samaki, mara nyingi kwa bei anayoitaja yeye. Barafu ikikosekana, mvuvi hana nafasi ya kusubiri bei bora. Humo mna mada kuu za taaluma ya fedha: gharama ya mtaji, dhamana ya deni, hatari ya bei na nguvu ya mwenye fedha mbele ya asiye nazo. Mwanafunzi anayeweza kuyaweka mambo hayo katika hesabu ana ujuzi ambao mwenzake wa mjini huupata vitabuni tu.

Ujuzi huo unahitajika kwa sababu mitaji mikubwa imeshafika ziwani. Victory Farms, kampuni ya ufugaji wa samaki iliyoanzishwa 2015 huko Roo, Suba Kusini, ilipata dola milioni 35 kutoka kwa wawekezaji mwaka wa 2023. Mtaji wa kiwango hicho haupatikani bila mtu kutabiri mapato ya miaka ijayo, kupima thamani ya kampuni na kusoma mikataba kifungu kwa kifungu. Kaunti za ziwa zikikosa watu wake katika meza hizo, masharti ya fedha zinazoingia ziwani yataendelea kupangwa na wasiolijua ziwa.

Maandalizi huanza mwaka wa kwanza wa chuo, sio wa mwisho. Shahada ya fedha, uhasibu, uchumi, takwimu za bima au hata uhandisi inatosha, mradi hesabu iwe imara. Taarifa za fedha za kampuni zilizoorodheshwa Nairobi husomwa bure kwenye intaneti, na mwanafunzi anaweza kuchagua kampuni moja, akajenga kwa lahajedwali mizania yake, mapato yake na mtiririko wake wa fedha, kisha akakadiria thamani ya hisa moja. Zoezi hilo likirudiwa kwa kampuni kadhaa humpa kitu cha kuonyesha anapoomba kazi. Katika mwaka wa pili yanafaa mashindano ya uwekezaji ambayo soko la hisa limekuwa likiwaandalia wanafunzi kwa fedha za kuigiza, pamoja na kufungua akaunti ya kuhifadhi hisa. Kiwango cha kuanzia si lazima kiwe kikubwa: bondi ya serikali ya M-Akiba ya 2017 iliuzwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000.

Mwaka wa tatu ni wa uanagenzi. Maombi hupelekwa mapema, wala si kwa benki za uwekezaji pekee, kwani kampuni za ukaguzi wa hesabu, mifuko ya pensheni, Sacco na hazina za kaunti hufundisha stadi zilezile za msingi. Vyeti vya taaluma hufuata. Mtihani wa CIFA, wa wachambuzi wa uwekezaji na fedha, husimamiwa na bodi ya mitihani ya KASNEB, na wachambuzi wa uwekezaji wana sheria yao ya mwaka wa 2015. Cheti cha kimataifa cha uchambuzi wa fedha, CFA, kina ngazi tatu. Ya kwanza inaweza kuanzwa karibu miaka miwili kabla ya kuhitimu, na upo ufadhili wa kupunguza ada yake.

Zipo hoja za kupinga, nazo ni nzito. Ya kwanza ni afya. Mwaka wa 2021 kundi la wachambuzi wapya wa Goldman Sachs lilieleza kwamba lilifanya kazi kwa wastani wa saa 95 kwa wiki, na mwaka wa 2024 JPMorgan ikaweka kikomo cha saa 80 kwa wachambuzi wake wachanga katika hali nyingi. Kijana anapaswa kuijua bei hiyo kabla ya kuvutiwa na mshahara. Hoja ya pili ni kwamba wengi watakaojaribu hawataajiriwa. Hiyo ni kweli, ila haibatilishi maandalizi: anayejua kusoma mizania na kupima mradi anahitajika katika Sacco, katika kaunti na katika kampuni za samaki.

Hoja ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni usawa. Mwanagenzi asiyelipwa Nairobi anahitaji kodi ya nyumba, nauli na chakula kwa miezi kadhaa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) umelenga karo na matumizi ya chuoni. Kwa hiyo uanagenzi wa bure huchuja waombaji kwa uwezo wa wazazi wao badala ya akili zao. Historia ya ziwa ina jibu lake. Mwaka wa 1959 Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, alisaidia kuwapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja, kwa fedha zilizochangwa na marafiki wa huko na jamii za nyumbani. Vijana wale walikuwa na uwezo tayari. Walichokosa ni nauli.

Jibu basi ni ndiyo: kazi hii inamfaa mwanafunzi wa Remba, na ziwa linamhitaji aifanye. Kampuni za uwekezaji ziwalipe wanagenzi, zitangaze nafasi hadharani, na zitafute vijana katika vyuo vikuu vya Maseno, Rongo na Tom Mboya kama zinavyowatafuta Nairobi. Kaunti za Homa Bay na Migori zitenge sehemu ya fedha za basari kwa ajili ya miezi ya uanagenzi. Mwanafunzi naye asisubiri milango hiyo ifunguliwe ndipo aanze: achague kampuni moja leo, asome hesabu zake, na aanze kuzichambua.