Fundi asiyesema "karibu tena"

Kuna fundi mmoja jijini Nairobi ambaye hawezi kumwambia mteja wake "karibu tena." Muuza nyama husema hivyo, kinyozi husema hivyo, hata daktari wa meno huthubutu. Fundi huyu akisema hivyo ataitwa mchawi, kwa kuwa kazi yake ni kuunda majeneza. Ukimuuliza biashara yaendaje, hathubutu kujibu kwamba ni nzuri. Na akikwambia ni mbaya, hujui umpe pole au umpongeze.

Nilikutana naye siku niliyotumwa na kamati ya mazishi, pamoja na shangazi zangu wawili, kumnunulia mjomba wetu jeneza. Kabla sijanena neno, fundi alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu. Nikamweleza upesi kwamba si langu. "Najua, mzee," akajibu kwa upole. "Ni mazoea tu ya macho."

Tulichagua jeneza la mvule lenye vishikio vya shaba na mto wa mahameli. Mjomba, Mungu amrehemu, alilalia godoro la nyasi maisha yake yote, na mto wake ulikuwa koti lililokunjwa. Mimi hubishana bei ya nyanya hadi muuzaji akanichoka, lakini siku hiyo sikuomba kupunguziwa hata shilingi. Nani atakayethubutu kubishana bei ya jeneza mbele ya shangazi zake?

Fundi akauliza marehemu alikuwa akiugua nini. Nikamsimulia habari za figo, za hospitali iliyotaka malipo kwanza, na za michango miwili iliyoitishwa ambayo haikutosha hata nauli. Akaiweka randa yake chini. "Na hizi mlizonazo leo, mmezichanga kwa muda gani?" Nikamjibu kwamba kwa siku nne. "Mngezichanga mwezi uliopita, mzee," akasema, "mimi leo ningekosa mteja."

Nilitafuta jibu, nikalikosa. Mfanyabiashara gani mwingine atakwambia kwamba ingekuwa bora usingefika dukani kwake?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwatafakari watu hawa wanaotafuta riziki yao penye kilio. Mtazame mhudumu wa chumba cha maiti. Akienda kuposa, huwaambia wakwe kwamba anafanya kazi hospitalini, na hapo hajadanganya. Wakwe wakishajua ni chumba kipi, mahari hupanda au binti huugua ghafla. Kwenye sherehe, kiti cha jirani yake hubaki kitupu, na wanaosalimiana naye hukumbuka kwamba mikono yao imo mifukoni. Lakini mkono huo huo ndio utakaotunyoa ndevu siku ambayo hatutaweza kujinyoa. Mhudumu huyo amemwosha tajiri ambaye sisi tulizuiwa langoni mwake, na amemwosha maskini ambaye hatukutaka kumkaribia. Sisemi kwamba wote ni malaika. Wapo wanaodai "chai" kabla mlango haujafunguliwa. Lakini hebu tujiulize, ofisi gani nchini haina wa namna hiyo?

Wenye umri kama wangu wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukashikilia kwamba sharti alale Nyalgunga, Siaya. Mawakili wakabishana, taifa zima likagawanyika, na mwili ukabaki katika chumba cha maiti kwa miezi mitano hadi ulipozikwa Nyalgunga mnamo Mei 1987. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Wakili yule naye hakuulizwa kaburi. Hadi leo majina ya majaji na mawakili wa kesi hiyo hutajwa. Nani amtajaye mhudumu aliyeulinda mwili ule huku wakubwa wakinukuu sheria?

Ndugu zetu Waislamu wa Pwani wana jambo la kutufunza hapa. Kwao jeneza si la kununuliwa na kuzikwa. Ni la msikiti: humbeba marehemu hadi kaburini, humwacha humo katika sanda yake, kisha hurudi kumngoja mwingine. Kumwosha maiti nako si aibu ya kumwachia mtu wa kutengwa. Ni faradhi ya kifaya, wakiitimiza wachache, jamii nzima husalimika. Mwosha huwa ni jamaa au jirani unayemfahamu, na yeye mwenyewe anafahamu kwamba mwosha naye huoshwa.

Wiki iliyopita nilipita kwa yule fundi. Sikuwa na msiba, nilikwenda kumjulia hali tu. Nilimpa mkono, naye akausita kidogo kabla ya kuupokea, kama mtu asiyezoea. Kisha macho yake yakashuka tena kuanzia utosini hadi viatuni. "Umekonda, mzee," akasema. Nikamsihi asiwe na haraka.

Nilipofika nyumbani nilipata habari kwamba jirani yetu amelazwa na anadaiwa fedha nyingi. Tulikutana jioni hiyo, watu saba, tukachanga fedha za kununulia matunda. Hapo nikasimama na kutoa pendekezo: tuunde kamati ya mazishi usiku huo huo, na mwenyekiti, na mweka hazina, tutangaze kote, kisha fedha zikishafika tuzipeleke hospitalini. Wenzangu waliangua kicheko, wakisema nimezoea mzaha.

Mimi sikucheka.