Taarifa ya Mwalimu Mkuu Inaandikwa kwa Nani?

Kuna aina moja ya maandishi ya Kiswahili ambayo hakuna anayeihakiki: taarifa ya mwalimu mkuu ya kufunga muhula. Haina mchapishaji wala tuzo. Lakini kwa wazazi wengi wa vijijini ndiyo maandishi marefu pekee yanayowahusu watoto wao, tena yanasomwa kwa sauti mbele yao, Juni na Desemba. Maandishi yenye hadhira ya namna hiyo yanastahili kukemewa yanapokosea. Na jamani, yanakosea.

Muundo wake unaujua. Shukrani kwa serikali. Ufaulu umepanda. Madawati kadhaa, matundu ya vyoo kadhaa. Kisha linaingia lile neno letu pendwa: changamoto. Walimu hawana nyumba, changamoto. Watoto wanashinda njaa, changamoto. Binti ameacha shule, naye changamoto. Neno moja limebebeshwa kila mzigo mpaka limevunjika mgongo, na bado tunalipandisha mengine.

Chukua Ipole, wilayani Sikonge, kwenye barabara ya Tabora kwenda Mpanda. Hapo ni nchi ya tumbaku na nyuki. Muhula wa kwanza unafunguliwa Januari, na miezi hiyohiyo ndiyo tumbaku inavunwa na kukaushwa kwenye mabani. Kila mkono nyumbani unahitajika, wa mtoto ukiwemo. Sasa mtoto akikosa siku tatu wiki hii na mbili wiki ijayo, taarifa za shule zetu zina jina lake: "utoro wa rejareja". Yasikilize vizuri maneno hayo. Rejareja, kama sabuni ya kukata dukani. Na mtoro ni mtu aliyetoroka, lakini huyu hakutoroka. Alikuwa shambani, na wazazi walioketi kwenye kikao wanajua alikuwa shamba la nani. Neno hilo linamtia hatiani mtoto wa miaka kumi, halafu linamwacha huru baba yake, mnunuzi wa tumbaku, na aliyepanga kalenda ya masomo bila kutazama msimu.

Huko Unyamwezi ugonjwa huu ni wa zamani. Njia ya misafara iliandikwa sana. Stanley na Livingstone walikaa Kwihara, jirani na Tabora, mwaka 1872, kalamu mkononi. Tippu Tip aliacha tawasifu nzima kwa Kiswahili. Ukisoma maandishi ya njia ile unakutana na pembe, vitambaa, shanga na hesabu za mizigo. Wapagazi walioibeba unakutana nao kama idadi. Maneno yao wenyewe ni haba mno. Leo tunahesabu madawati na asilimia za ufaulu, na wabebaji bado ni idadi tu.

Kama ingekuwa suala la mtindo wa kuandika peke yake, ningenyamaza. Lakini yanakuja mabadiliko ambayo mzazi hawezi kuyapanga kwa lugha ya namna hii. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa miaka 6, na elimu ya lazima miaka 10, mpaka kidato cha nne. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 anamaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo, aliyekuwa darasa la nne anamaliza la saba. Madarasa mawili yanabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja, Januari 2028.

Kwenye taarifa jambo hilo litaandikwa "utekelezaji wa mtaala ulioboreshwa unaendelea vizuri". Mzazi mwenye watoto wawili waliofuatana, wa la sita na wa la saba, atajuaje kwamba sare, madaftari na mabegi ya wawili vinamfika siku moja? Kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili, shule ikiwa mbali na hakuna bweni, huenda akapangiwa chumba, akaishi geto peke yake? Ada ilifutwa tangu 2016, ni kweli. Lakini umbali haukufutwa.

Najua utetezi. Mwalimu mkuu ni mtumishi, na barua ya uhamisho haichelewi. Taarifa yake itapanda kwa afisa elimu kata, kisha wilayani, kwa hiyo anaiandika ikitazama juu. Simlaumu kwa woga. Ninacholaumu ni mazoea ya kuwasomea wazazi barua ya mtu mwingine, kisha kuwauliza kama wana maswali. Watauliza nini?

Wengine wanasema wazazi wa vijijini hawaelewi mambo ya sera. Si kweli. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, akafundisha Tabora, na mwaka 1967 akatoa Elimu ya Kujitegemea, hoja nzito ambayo mkulima aliweza kusomewa, akaielewa, akabisha. Mtu anayejua daraja la tumbaku kwa kuishika jani hashindwi kuelewa miaka sita na saba.

Basi ziandikwe mbili. Takwimu ziende ofisini, kwa lugha ya ofisi. Wazazi waandikiwe barua yao, ukurasa mmoja, isiyo na neno changamoto hata mara moja. Iseme watoto wangapi walikuwa mashambani na miezi gani. Iseme nini kitatokea 2027, na kamati ya shule inaomba nini kuanzia sasa. Iseme pia mwalimu mwenyewe anahofia nini, maana muhula mzima ameshinda na watoto hao na hakuna anayewajua darasani kuliko yeye.

Mwalimu mkuu anayeweza kuandika ukurasa huo ni mwandishi. Anayemzuia asiuandike anawaficha wazazi habari za watoto wao.